Njia Panda ya Kisian

Ukitoka Kisumu, barabara inagawanyika Kisian. Moja inaenda Maseno, kwenye darasa langu la Jumamosi. Nyingine ni ya Bondo: unakata Ndori hadi Luanda Kotieno, unapanda feri, unashukia Mbita kwa mamangu, anayemlea binti yangu wa miaka minne. Siku nyingine zote niko kazini.

Watu huniambia nimeweza yote. Sawa, lakini kwa mgongo wa nani? Mama aliacha biashara yake ya omena. Namtumia pesa kwa M-Pesa, na kwa muda nilidhani tumelipana. Pesa zinanunua maziwa. Hazimrudishii asubuhi zake ufuoni, boti zikiingia. Na haki, sikumwomba. Nilimjulisha tu. Kwetu nyanya kulea mjukuu ni kawaida, na hapo ndipo sisi watoto hujificha.

Juzi nikamuuliza kwa simu kama angetaka kurudi sokoni. Akanyamaza.

"Nyara, hilo swali limekawia. Jumanne na Ijumaa nitauza. Siku hizo tafuta mtu."

Sijapata mtu. Jumamosi hii nikifika Kisian, nitashika ya Bondo. Mtihani ni wiki ijayo.