UGOMVI WA NJIANI

Somo la kusoma nyumbani: Mwanzo 45:16–28



Padre wetu ameniomba niandike maneno machache kwa ajili ya Majilio. Asema mwalimu hata akistaafu haachi kufundisha. Nakubali, ila safari hii nitafundisha kwa kosa langu mwenyewe.

Mwezi huu wengi wetu tutafunga mizigo. Hapa Korogwe twazijua dalili zake. Stendi hujaa tangu alfajiri, watoto huvalishwa viatu vipya kabla sikukuu haijafika, kuku hufungwa miguu akatiwa kapuni, na vijana hukimbilia madirisha na machungwa hata basi halijasimama. Wengine wanapanda milimani Lushoto, wengine wanakwenda Handeni, wengine Moshi. Na sisi tuliotoka mbali twaelekea Segera, tukashike njia ya Chalinze.

Mimi ni mtu wa Kongwa. Nililetwa hapa na kazi ya kufundisha walimu chuoni, nikaoa hapa, na wanangu wamebatizwa katika mtaa huu. Wazee watakumbuka nilivyochekwa siku za kwanza kwa kumwita padre “mchungaji,” kama tulivyozoea kwetu. Lakini kila baada ya miaka miwili mitatu, mshahara uliporuhusu, tulisafiri kwenda kwa babu yao watoto. Segera, Mkata, Wami, Chalinze, Morogoro; hapo tulilala na kubadilisha basi. Kisha Dumila, Gairo, Kibaigwa, hata Mbande, penye njia panda ya Kongwa. Watoto waliijua njia hiyo kwa vyakula vyake, na viazi vitamu vya Gairo ndivyo vilivyongojwa kuliko vyote. Mibuyu ilipozidi kuonekana, mkubwa wao alianza kufanya mazoezi ya kuamkia “Mbukwenyi,” asije akachekwa na wenzake.

Katika safari zote hizo nataka kuwaeleza moja, ile ya Desemba 1993.

Mama yetu alifariki mwaka 1991. Baada ya miaka miwili baba aliandika barua, akataka sisi wanawe wawili tufike kwake Krismasi pamoja. Neno “pamoja” alilipigia mstari. Mdogo wangu alikuwa fundi Tanga mjini. Akaja mpaka Korogwe, akalala kwetu, na asubuhi tukaondoka: mimi, mke wangu, watoto wawili, na baba mdogo wao akiwa amempakata mdogo zaidi.

Wenye umri watalikumbuka daraja la zamani la Wami. Lilikuwa jembamba, lapitisha gari moja kwa wakati, nalo li bondeni kati ya miteremko mikali. Siku hizi pana daraja jipya na pana, hatungojani tena. Siku ile basi letu lilisimama kuyangoja malori matatu yaliyokuwa yakivuka kutoka ng’ambo. Jua lilikuwa kali. Mdogo wangu akatazama nje, akasema kwa sauti ndogo, “Hapa ndipo nilipocheleweshwa siku ile ya mama.”

Yalikuwa maneno ya huzuni tu. Ningaliweza kunyamaza, au kusema pole. Badala yake nikamwambia, “Ungaliondoka siku ile ile uliyopata habari, usingalichelewa.” Naye akanigeukia: “Na wewe ungalituma fedha mapema, mama angalifikishwa hospitali mapema.”

Basi hapo ndipo safari ilipoharibika. Malori yakapita, nasi tukavuka, lakini maneno hayakupita. Kutoka Wami hata Chalinze, na kutoka Chalinze hata Morogoro, tulihesabiana siku na shilingi za ugonjwa wa mama mbele ya watoto na mbele ya abiria tusiowajua. Mama mmoja aliyekaa nyuma yetu alituambia kwa upole, “Baba, watoto wanasikia.” Niliona haya, nikanyamaza kitambo, kisha nikaendelea.

Asubuhi pale Morogoro, tulipokuwa tumekwisha kukaa katika basi la Dodoma, nilimwona mdogo wangu dirishani. Amebeba begi lake, anaelekea kwenye basi la kurudi Tanga. Basi letu lilikuwa bado halijawasha hata mota. Nilikuwa na nafasi ya kushuka. Sikushuka.

Tulipofika, baba alikuwa ameketi chini ya mti mbele ya nyumba. Viti vilikuwa viwili mbele yake, na kimoja alikuwa amekiazima kwa jirani. Akatusalimu wote, akawabariki wajukuu, kisha akaniuliza, “Mwenzako yuko wapi?” Nikajibu kwamba amepata udhuru wa kazi. Mwanangu mkubwa, ambaye nilimfundisha mwenyewe kusema kweli, akasema, “Babu, walikuwa wanagombana kwenye basi.”

Baba hakunikaripia. Alikaa kimya, akasema, “Jambo nililotaka kuwaambia lilikuwa la watu wawili. Litangoja.”

Halikungoja. Baba alifariki Aprili 1994, na mpaka leo sijui lilikuwa jambo gani. Mimi na mdogo wangu tulikutana kaburini, kila mmoja amekuja kwa basi lake.

Ndugu zangu, nimesoma Kitabu cha Mwanzo tangu utoto, na chuoni nilikifundisha pia. Lakini kuna mstari mmoja ambao sikuutambua mpaka yaliponipata hayo. Ni Mwanzo 45, mstari wa 24. Yusufu amekwisha kujitambulisha kwa ndugu zake, amelia nao, amewasamehe. Amewapa magari ya kuwachukua wazee, wanawake na watoto, amewapa chakula cha njiani na nguo. Sasa wanaondoka kwenda Kanaani kumleta baba yao. Neno la mwisho analowaambia ni onyo: wasigombane njiani.

Kwa nini awaonye hivyo siku ya furaha kuu namna ile? Kwa sababu Yusufu aliwajua. Alijua kwamba wakiisha kuwa peke yao njiani, jua likiwa kali, mmoja ataanza: Ni nani aliyeshauri auzwe? Ni nani aliyezipokea zile fedha ishirini? Yuda ndiye aliyetoa shauri la kumwuza. Reubeni alikuwa amekwisha kuwalaumu wenzake hapo mbele, katika sura ya 42, akiwakumbusha kwamba aliwakanya wasimtendee kijana dhambi, nao wakakataa kusikia. Na maneno ya Reubeni yalikuwa ya kweli! Ndiyo hatari yake. Ugomvi wa njiani mara nyingi hujengwa kwa maneno ya kweli yanayosemwa ili kumshinda ndugu.

Tena ilikuwako sababu nyingine. Yusufu aliwapa wote mavazi ya kubadili, lakini Benyamini alipewa mara tano, pamoja na fedha mia tatu. Mtu akipenda kuhesabu nguo za mwenzake, njia ya kutoka Misri hata Kanaani ni ndefu ya kutosha.

Angalieni hesabu yenyewe. Yusufu alikuwa na miaka 17 habari zake zilipoanza. Alisimama mbele ya Farao akiwa na miaka 30. Ikapita miaka saba ya shibe, na miwili ya njaa. Basi kosa hilo lilikuwa na umri wa miaka 22 hivi. Aliyekosewa amesamehe. Kesi imekwisha. Kilichobaki ni wakosaji wenyewe kuanza kugawana lawama, kila mmoja akitafuta fungu lililo dogo. Na wakati huo huo Yakobo yuko Kanaani, mzee, moyo wake umekuwa baridi, hajui kwamba mwanawe yu hai. Kila siku wanayoipoteza kwa ugomvi ni siku ya mzee huyo kukaa gizani. Twasoma kwamba alipoyaona magari, roho yake ikafufuka. Yangaliwezaje kufika, kama wangaligawanyika nusu ya njia?

Msidhani haya ni ya watu wa mabasi tu. Mji wetu ni mdogo, na sisi sote tumo katika chombo kimoja. Twanunua nyanya kwa mama mmoja pale Manundu, twapanda pikipiki ya kijana yule yule, twazikana katika makaburi yale yale. Ndiyo maana ugomvi wetu hauna pa kujificha. Najua nyumba mbili, sitazitaja, ambazo kwa miaka mitano hazipeani amani katika Misa kwa sababu ya sufuria. Iliazimwa msibani, ikarudi imetoboka. Sufuria yenyewe ilikwisha kuzibwa siku nyingi, na wali umepikwa humo mara nyingi tu. Iliyobaki kutoboka ni mioyo. Kila Jumapili wanaelekea altare moja, kila mmoja kwa upande wake wa kanisa, mfano wa mimi na mdogo wangu tulivyokwenda kaburini.

Basi, kama kawaida ya mwalimu, nitawaachia mambo matatu ya kukumbuka.

Kwanza, usiifungue kesi ya zamani mkiwa njiani. Kama pana jambo la kusemwa, na lisemwe nyumbani, mmeketi, mmekula, na watoto wamelala. Njiani mtu amechoka, naye hutafuta wa kumtwika mzigo wake.

Pili, usihesabu nguo za Benyamini. Mmoja amejenga, mwingine hajajenga. Mmoja anakuja na gari lake, mwingine anashuka stendi na mfuko mkononi. Mzee anayewangoja hangojei mizigo, awangoja ninyi.

Tatu, mwenzako akishuka, nawe shuka. Hili ndilo nililoshindwa. Nilijiambia kwamba mimi ni mkubwa, naye ndiye anayepaswa kurudi. Yesu asema katika Mathayo 5 kwamba mtu akikumbuka madhabahuni kuwa ndugu yake ana neno juu yake, aiache sadaka hapo, aende kwanza kupatana naye. Hakusema angoje aliye mdogo aanze.

Mtauliza, ilikuwaje baadaye? Mwaka 2005 kitinda mimba wetu alipewa kipaimara. Mimi sikumwalika mdogo wangu. Mke wangu alimwalika pasipo kuniambia, na Mungu ambariki kwa hilo. Jioni, wageni walipokwisha kuondoka, tulikuwa tunarudisha viti tulivyoazima kwa majirani, yeye mkono huu na mimi mkono huu. Njiani akasimama, akasema, “Kaka, mama aliugua. Hakuna kati yetu aliyemuua.” Nikaviweka viti chini. Sikumbuki nilichojibu, nakumbuka tulilia pale barabarani kama watoto, na bodaboda mmoja akatuuliza kama tumefiwa.

Miaka kumi na miwili, wapendwa, kwa sababu ya muda wa malori matatu kuvuka mto.

Tangu hapo twasafiri pamoja kwenda Kongwa, na sasa twachukuliwa na wanetu. Gari likifika Wami, juu ya daraja lile jipya, mdogo wangu hunigusa bega na kusema, “Kaka, hapa tunyamaze.” Watoto hucheka, maana habari hiyo wanaijua. Mimi nami hucheka. Lakini moyoni bado nakiona kiti kile cha kuazima, kitupu, na mzee anaingoja habari iliyokuwa ya watu wawili.

Baba yetu wa mbinguni naye anatungoja, na neno lake si la mtu mmoja mmoja. Bwana anakuja. Asitukute tumeshukia vituo mbalimbali.

Tuombe. Ee Bwana, uliyesafiri tumboni mwa mama yako kutoka Nazareti hata Bethlehemu, uwalinde wote watakaokuwa njiani mwezi huu. Walinde madereva, watoto na wazee. Lilinde na neno litokalo kinywani mwetu tunapochoka. Uwarudishe walioshuka, utupe sisi moyo wa kushuka kuwafuata, utufikishe sote pamoja nyumbani kwa Baba. Amina.

Mwalimu mstaafu, mtaani Korogwe