Elkana Hakumlazimisha Hana Kupanda Shilo

Kila mwaka Elkana alipanda Shilo na watu wa nyumba yake kumtolea Bwana sadaka. Baada ya Samweli kuzaliwa, Hana alisema hapandi. Atabaki nyumbani mpaka mtoto aache ziwa, ndipo ampeleke mbele za Bwana. Huyu ndiye Hana aliyeomba mtoto kwa machozi na kuweka nadhiri ya kumtoa kwa Bwana, hata kuhani Eli akamdhania amelewa. Tungetarajia awe wa kwanza kufunga safari. Alibaki, na mumewe akamjibu afanye aonavyo vema. Habari hiyo imo katika Kitabu cha Kwanza cha Samweli, sura ya 1.

Maandiko hayasemi alibaki muda gani. Ila mama mmoja wa wana saba, katika Kitabu cha Pili cha Wamakabayo, anamkumbusha mwanawe wa mwisho kwamba alimnyonyesha miaka mitatu. Haikuwa kazi ya wiki mbili.

Elkana hakumwambia mkewe atangulize ibada, mtoto angoje. Alitambua kwamba kumnyonyesha mtoto wa nadhiri ni kuitimiza nadhiri yenyewe. Sisi je? Mzazi akimaliza arobaini bila kuonekana kwenye jumuiya, tunasema amelegea. Akija na mtoto akalia, shingo zinageuka hadi anatoka nje kwenda kusimama ukutani. Januari 2014, Sikukuu ya Ubatizo wa Bwana, Papa Fransisko aliwaambia akina mama waliokuwa na watoto wao katika Kikanisa cha Sistina kwamba watoto wakisikia njaa wawanyonyeshe, papo hapo Misa ikiendelea. Kama pale inawezekana, kigangoni kwetu kinatushinda nini?

Lakini nafasi kwenye benchi haitoshi. Kliniki mama amefundishwa vizuri: mtoto aanze kunyonya ndani ya saa moja baada ya kuzaliwa, apewe maziwa ya mama pekee kwa miezi 6, hata maji asipewe, kisha aendelee kunyonya pamoja na chakula hadi miaka 2 na zaidi. Anachokosa ni mtu wa kukaa naye usiku wa tatu baada ya kujifungua, matiti yamejaa na kuuma, chuchu zimepasuka, mtoto halali, na bibi mwenye nia njema anakoroga maji ya sukari akisema maziwa hayamtoshi. Hapo ndipo wengi wanapokata tamaa.

Mara nyingi maziwa yapo, ila mtoto ameshika ncha ya chuchu tu. Asogezwe tumbo kwa tumbo na mama yake, asubiriwe apanue mdomo, ndipo aingize sehemu kubwa ya ule weusi unaozunguka chuchu, kidevu kikigusa titi. Titi hutengeneza maziwa kadiri linavyonyonywa, kwa hiyo kila kijiko cha maji ya sukari kinapunguza maziwa ya kesho. Mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 usiku na mchana; hiyo si dalili ya upungufu. Baada ya siku chache za mwanzo, akikojoa mara 6 au zaidi kwa siku na uzito ukapanda, anashiba. Mama akipata homa, titi likiwa jekundu na la moto, au mtoto akiacha kunyonya au kukojoa, waende kituo cha afya siku hiyohiyo. Na mama anayeishi na VVU, akitumia dawa zake na kufuata maelekezo ya kliniki, naye hunyonyesha. Asinyooshewe kidole.

Maarifa haya tunayo. Wauguzi na wakunga tunasali nao, na katika WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, wapo akina mama waliolea watoto wengi. Nawe baba, fuata mfano wa Elkana: chota maji, fua nepi, waogeshe wakubwa, na wazuie wenye maneno wasifike kitandani kwa mkeo.

Neno moja kwa waajiri. Sheria ya kazi ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa mama likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, na akirudi kazini aruhusiwe kunyonyesha hadi saa 2 kwa siku. Tukimnyima hayo mpishi wa parokia au dada wa kazi nyumbani, basi tunadhulumu watu wawili, na parokia ianze kujirekebisha yenyewe kabla ya kuhubiri.

Viongozi wa jumuiya, wiki hii ulizeni nani amejifungua. Nendeni kwake na mama mmoja mzoefu na chungu cha mtori. Mkifika, muulizeni kwanza mtoto ananyonyaje. Habari ya kurudi jumuiya itangoja.