Sadaka ya Rubondo Ni ya Nani?

Mwaka 1966 sokwe walipita Mwanza wakiwa kwenye vizimba. Walitoka katika bustani za wanyama za Ulaya, wakaja kwa meli hadi Dar es Salaam, wakapandishwa treni hadi huku kwetu, halafu wakavushwa kwa maji kwenda kisiwa cha Rubondo, kusini-magharibi mwa Ziwa Victoria. Kufikia mwaka 1969 walioletwa walikuwa 17. Vizimba vilifunguliwa, wakaingia msituni. Walikuwa wamekamatwa porini wakiwa wadogo, wakakulia nyuma ya nondo, na hapakuwa na mtu wa kuwafundisha upya kutafuta chakula wala kujitandikia matawi ya kulalia juu ya mti. Walijifundisha wenyewe. Wawili walioshambulia watu walipigwa risasi. Waliobaki walizaana, na vizazi vyao viko kisiwani hadi leo, wengi kuliko wale walioteremshwa.

Aliyewaleta alikuwa mhariri wa jarida. Najua Bernhard Grzimek hatajwi hivyo. Hutajwa kama daktari wa mifugo aliyeongoza bustani ya wanyama ya Frankfurt tangu 1945 hadi 1974, au kama mtu wa filamu ya Serengeti iliyopata tuzo ya Oscar mwaka 1960. Lakini mwaka huohuo alianzisha pia jarida la Das Tier, akilihariri pamoja na Konrad Lorenz na Heini Hediger. Mimi niliyesomea uandishi Nyegezi na kulishwa na uhariri maisha yangu yote, nikimtazama namwona mhariri kwanza. Namwona mtu anayeamua nini kikae jaladani, nini kiende ukurasa wa mwisho, na nini kikatwe kwa sababu nafasi haitoshi.

Alikuwa fundi wa kazi hiyo. Kipindi chake cha televisheni kilianza mwaka 1956 na kiliendelea hadi alipofariki mwaka 1987. Alikuwa anaketi mezani na mnyama hai pembeni yake, anaongea taratibu kama mjomba aliyekuja kusalimia, kisha mwishoni anaomba mchango. Hela ziliingia, marka moja moja, kutoka kwa watu ambao wengi wao hawakutarajia kuiona Afrika. Wanasimulia kwamba siku moja aliwatangazia watazamaji kuwa sasa mtu anaweza kununua safari ya bei nafuu ya kwenda kuona wanyama Afrika Mashariki, wakati safari ya namna hiyo haikuwapo. Watu wakaenda kuiulizia, na kampuni za utalii zikaona afadhali ziianzishe. Kama mhariri, kisa hiki kinanichekesha na kunitisha kwa pamoja. Uongo ule ulizaa ajira za madereva na wapishi wa Arusha.

Wala hakuwa mnafiki. Januari 1959 mwanawe Michael alikufa pale ndege yao iliyopakwa milia ya pundamilia ilipogongana na tai na kuanguka. Alizikwa ukingoni mwa bonde la Ngorongoro, na miaka 28 baadaye majivu ya baba yake yakaletwa kuzikwa hapohapo. Nyumbani kwao Grzimek alipigania hata kuku wanaofungiwa kwenye vizimba vya waya kutaga mayai, jambo lisilompa mtu sifa yoyote ya ushujaa. Mtu anayemhurumia kuku wa mayai, simshuku huruma yake.

Ninalolishuku ni jambo jingine. Rubondo hakikuwa kisiwa kitupu. Palikuwa na watu, Wazinza, waliovua samaki na kulima migomba. Katikati ya miaka ya 1960, kisiwa kilipofanywa pori la akiba, wakahamishiwa visiwa vya jirani na vijiji vya bara. Mwaka 1977 Rubondo ikawa hifadhi ya taifa. Kwa hiyo sadaka ile ilikuwa na vitu viwili ndani yake, fedha na ardhi. Fedha ilitoka kwa Wajerumani. Ardhi ilitoka kwa watu ambao hawakuombwa. Nikimwuliza Mungu nani aandikiwe thawabu, sijui atanijibu nini.

Kuna watakaosema swali lenyewe halina msingi, kwa sababu mnyama hana haki kwetu, na sadaka kwa sokwe si sadaka. Wana wa kumtegemea. Mtume Paulo, akiitaja sheria ya Musa inayokataza kumfunga kinywa ng'ombe anayepura nafaka, anauliza kama kweli Mungu anahangaika na ng'ombe. Usukumani tuliisikia aya hiyo kanisani tukatazamana. Baba yangu, aliyejua kila ng'ombe wake kwa rangi, kwa pembe na kwa tabia, hakuipenda hata kidogo. Thomas wa Akwino naye alifundisha kwamba ukatili kwa mnyama ni mbaya hasa kwa kuwa unamzoesha mtu ukatili kwa watu. Mimi nabaki na kitabu cha Yona. Mungu anakimaliza kwa kumwuliza nabii aliyenuna: nisiuhurumie Ninawi, wenye watu zaidi ya 120,000, na wanyama wengi pia? Kitabu kinaishia hapo, kwa wanyama. Mhariri yeyote anajua uzito wa kinachowekwa mwisho. Sheria yetu ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 haimtaji Yona, ila imesimama upande wake.

Basi wanyama wamo. Lakini hata ndani ya wanyama, huruma inayopitia jaridani ina upendeleo wake. Sokwe ana macho, ana vidole, anambeba mtoto wake. Furu wa ziwa letu, samaki wadogo wa aina zinazohesabiwa kwa mamia, wengi wao walitoweka miaka ya 1980 baada ya sangara aliyepandikizwa na wakoloni kuongezeka kupita kiasi. Hapakuwa na kipindi cha televisheni cha kuwachangia. Mholanzi Tijs Goldschmidt, aliyewachunguza hapahapa Mwanza, aliwaandikia kitabu kizuri, na nadhani wamebahatika kupata hata hicho. Punda wa Shinyanga walichinjwa miaka mingi kwa ajili ya ngozi, na Februari 2024 wakuu wa Umoja wa Afrika walikubaliana Addis Ababa kuikomesha biashara hiyo barani kote. Punda ana sura ya huzuni kabisa, sijui kwa nini picha yake haiuzi.

Na mvuvi wa Rubondo? Katika picha ya kisiwa cha sokwe yeye anaharibu. Uwepo wake unavuruga hadithi ya wanyama waliorudishwa kwenye pori lisiloguswa. Nimekata watu kwenye picha kwa sababu nyepesi kuliko hiyo.

Jirani yangu hapa Kirumba ni shehe anayefundisha watoto madrasa. Nilipomweleza swali langu alinijibu kwa hadithi ambayo Waislamu wengi wanaijua, ya yule kahaba aliyeona mbwa akihema kwa kiu kando ya kisima.

"Alivua kiatu chake, mama," akasema. "Akakifunga kwa mtandio wake, akateka maji, akamnywesha. Mungu akamsamehe."

Nikamwomba arudie. Kiatu chake na mtandio wake. Hakuchukua kiatu cha aliyepita njiani.

Biblia ina kisa kinachogusa hapohapo. Daudi anataka kujenga madhabahu kwenye uwanja wa kupuria wa Arauna. Arauna anampa bure kila kitu, uwanja, ng'ombe na kuni. Mfalme anakataa. Hawezi kumtolea Mungu kitu ambacho hakikumgharimu, kwa hiyo anavinunua kwa shekeli 50 za fedha. Ajabu ni kwamba Arauna alikuwa amekubali kwa moyo wake. Daudi angeweza kupokea na dhamiri yake ikalala, na bado akaona haitoshi. Sisi tulikuwa na kisiwa ambacho wenyewe hawakukitoa.

Nani basi alikitoa? Serikali, nitajibiwa, na ni kweli. Septemba 1961, miezi michache kabla ya uhuru, Nyerere alitoa tamko pale Arusha akiahidi kwamba nchi itawatunza wanyamapori na kuiomba dunia isaidie kwa wataalamu na fedha. Inasemekana yeye mwenyewe, mtoto wa Butiama, alikiri kuwa hana hamu ya kutumia likizo yake kutazama mamba. Alitoa ahadi kwa niaba ya taifa, na taifa lina uwezo wa kutoa ardhi. Sina hakika kama lina uwezo wa kutoa sadaka. Sadaka inataka nia, na nia hukaa ndani ya mtu.

Hapo nilikwama kwa muda mrefu. Wajerumani walitoa chao kidogo pamoja na cha wenzao kikubwa. Wazinza walitoa kikubwa bila nia. Serikali ilitoa kwa kalamu. Sokwe wanakula matunda ya mwitu na hawadaiwi.

Nilimpelekea swali hilo padri mmoja ninayemwamini, mtu wa kubishana. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema nimesahau Simoni Mkirene.

Simoni alikuwa anatoka shamba. Askari walimkamata na kumlazimisha kubeba msalaba. Hakujitolea, wala hakuna Injili inayosema aliubeba kwa furaha. Lakini tukifanya Njia ya Msalaba tunasimama mbele yake, kituo cha tano, na hakuna anayebisha kwamba alimtendea Yesu jambo jema. Kwa hiyo mzigo uliobebeshwa kwa nguvu unaweza kuhesabiwa, akasema padri, wala aliyeubeba asiambiwe kwamba hakuleta kitu.

"Ila Padri," nikamwambia, "Simoni tunamjua jina."

Tunalijua, na Marko anakwenda mbali zaidi: anatutajia hata wanawe, Aleksanda na Rufo. Injili fupi kuliko zote nne, imebanwa kila mahali, na bado mwandishi alipata nafasi ya majina ya watoto wawili wa mtu aliyekuwa anapita tu. Nimemheshimu Marko tangu zamani kwa ufupi wake. Sasa namheshimu kwa mstari huo.

Tena tuna mfano wetu hapa mjini. Kisiwa cha Saanane, dakika chache kwa boti kutoka Capri Point, kilifanywa bustani ya kwanza ya wanyama Tanzania mwaka 1964, na tangu 2013 ni hifadhi ya taifa. Kabla ya hapo kilikuwa cha mvuvi na mkulima, Mzee Saanane Chawandi. Aliondoka, wanyama wakaingia, lakini jina lake likabaki. Watoto wa shule wanaokwenda kutazama simba wanalitaja bila kujua ni la mtu, na hata hivyo wanalitaja.

Pale mwaloni Kirumba kuna mzee wa Kizinza anayeshona nyavu. Wazazi wake walihamishwa Rubondo akiwa mtoto. Nilimsimulia habari za Grzimek, za jarida, za marka zilizochangwa. Hakukasirika. Alitaka kujua sokwe wanakula nini kisiwani, nikamtajia matunda na majani, akakubali kwamba msitu ule ulikuwa na matunda mengi. Kisha akaniuliza kama kwenye majarida hayo wao wametajwa. Nikamwambia sijawahi kuona. Akaendelea na wavu wake.

Aliyekuwa na miaka kumi wakati ule sasa anakaribia sabini au ameivuka. Wapo Maisome, wapo Nkome, wapo Muganza, na majina ya wazazi wao wanayakumbuka. Kuyakusanya ni kazi ya wanafunzi wachache wa uandishi wa habari wenye daftari, si mradi wa mabilioni, na kibao cha kuyaandika kinaweza kusimama pale watalii wanaposhukia boti. Padri anaogopa kwamba orodha ya namna hiyo itaamsha madai ya fidia. Huenda ikaamsha. Arauna alilipwa kwanza ndipo moto ukawashwa, na Biblia inasema sadaka ile ilipokelewa.