Msikatae kipimo cha mgongo

Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumswalia Mtume wake (s.a.w.), nausia nafsi yangu pamoja nanyi tumche Allah.

Leo tuzungumze juu ya neno linalotembea Kadutu, Bagira, hata huku Ibanda: kwamba mtoto akichomwa sindano ya mgongo hospitalini, hatoki mzima. Kwa neno hilo wazazi wanakataa kipimo, na wengine wanamrudisha mgonjwa nyumbani.

Mzazi, sikiliza. Mtoto mwenye homa kali, degedege, shingo iliyokakamaa, asiyemtambua tena mama yake, huenda ana malaria iliyopanda ubongoni, au huenda ana homa ya uti wa mgongo, ile waganga wetu wanayoiita meninjite. Kwa macho yanafanana, dawa zake ni mbalimbali. Kupima damu peke yake hakutoshi, maana mtoto wa kwetu anaweza kuwa na malaria katika damu na kumbe kinachomuua ni kile kingine. Ndiyo maana wanataka maji ya mgongo. Mtoto analazwa ubavu, anakunjwa kama alivyokuwa tumboni, anashikwa asitikisike, na sindano inaingia chini kiunoni, mahali ambapo uti wenyewe umekwisha kuishia juu yake. Yanatoka maji kidogo, na mwili hutengeneza mengine kila siku. Yakiwa na ukungu, mganga ameshapata njia. Inauma, na kumshika mtoto anayelia ni mtihani kwa mama. Lakini si jambo la kujaribiwa juu yetu: mganga Mjerumani, Heinrich Quincke, alilianzisha mwaka 1891.

Mbona basi wengine wanakufa baada yake? Kwa sababu hapimwi mgongo mtoto mwenye mafua. Wanaopimwa ni walio mahututi tayari. Sisi tunalaumu sindano, ugonjwa unaendelea na kazi yake, na anayeponea chupuchupu anaweza kubaki kiziwi.

Mabedui walipomuuliza Mtume (s.a.w.) kama wajitibu, aliwaamrisha wajitibu, kwani kila ugonjwa Allah ameuwekea dawa isipokuwa uzee. Utaichaguaje dawa hujaujua ugonjwa? Kuuliza ni haki yako: kwa nini kipimo, nani atakifanya, ni bei gani. Waganga wenyewe huahirisha wakiona dalili za ubongo kuvimba, wakaanza dawa kwanza.

Na wewe baba uliyeko machimboni Kamituga, au uliyevuka ziwa kwenda Goma: mkeo asikae mlangoni akitafuta mtandao wa simu huku mtoto anakata roho. Mpe ruhusa yako kabla hujaondoka, mbele ya ndugu zako wamsikie.

Watu wazima wananiuliza juu ya Ramadhani. Baraza la Kimataifa la Fiqhi lililokutana Jedda mwaka 1997 liliamua kwamba kuingizwa chombo katika uti wa mgongo hakubatilishi saumu, wala kutolewa damu ya kupima. Ila mwenye meninjite asihangaike na saumu. Ale, anywe dawa, atalipa akipona.