Mwanangu, Kabla Hujatia Saini

Mwanangu, umetoka Polytechnique ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi (UNILU), hesabu unazijua kuliko mimi. Kabla hujatia saini kazi ya bwawa, nakuomba unisikilize taratibu, maana haya nimewaambia wengi waliokutangulia na kuyarudia kumenichosha.

Tarehe 18 Februari 2025, kule Chambishi, Zambia, ng'ambo ya mpaka wa Kasumbalesa, ukuta wa bwawa la mabaki ya shaba la kampuni ya Sino-Metals ulibomoka. Asidi iliingia kijito cha Mwambashi, ikashuka hadi mto Kafue, samaki wakafa, watu wa Kitwe wakakatiwa maji ya bomba. Habari hizo zilitufikia. Tarehe 4 Novemba mwaka huohuo, bwawa la kampuni ya madini ya CDM likapasuka hapa kwetu Lubumbashi, maji machafu yakaingia mitaa ya Kasapa, Kamatete na Moïse. Waziri wa migodi, Louis Watum Kabamba, alisema bwawa halikuzibwa lisivuje, wala hapakuwa na mpango wa dharura. Akasimamisha kazi za kampuni kwa miezi mitatu. Kati ya msiba na msiba ilipita karibu miezi tisa, mwanangu. Inatosha mtu kuvuka mpaka, kuutazama ukuta ulioanguka, na kurudi kuukagua wa kwake. Hilo ndilo linaloniuma.

Ukuta wa udongo una vifo vinavyojulikana. Maji yakipita juu yake, yanachimba mgongo wake mpaka unakatika. Ndiyo maana utoro, njia ya kutolea maji yanayozidi, hupimwa kwa mvua ambayo hujawahi kuiona, si kwa mvua ya mwaka jana. Au maji hupenya tumboni. Ukiona yanachuruzika chini ya ukuta, yakinge kwenye chupa: yakiwa maangavu, yapime kila siku, yakiwa na tope, udongo unatoka ndani, ondoa watu kwanza. Kumbuka Solai, Kenya, Mei 2018: bwawa la shambani lilipasuka usiku, likaua watu zaidi ya 40 waliokaa bondeni.

Wenye bwawa watakuambia utoro ni gharama, bwawa lijazwe kidogo tu hadi mvua ziishe. Kataa kwa adabu, uandike kukataa kwako, ubaki na nakala. Mvua za Novemba zikianza usikae ofisini. Panda ukutani mwenyewe, utembee mwanzo hadi mwisho, kisha ushuke ukawaulize akina mama wanaolima bondeni kama maji ya visima vyao yamebadilika rangi.