Msingi Uliolipiwa

William Beckford alikuwa na vitu viwili vinavyomtesa fundi yeyote: pesa nyingi na haraka. Pesa alizirithi mwaka 1770 akiwa bado mtoto, nazo zilitoka kwenye mashamba ya miwa ya Jamaica, yaliyolimwa na Waafrika waliofanywa watumwa. Haraka ilikuwa yake mwenyewe. Mwaka 1796 alianza kujenga jumba huko Fonthill, kusini mwa Uingereza, akitaka liwe na mnara wa kuonekana kutoka mbali. Msanifu wake, James Wyatt, alikuwa hodari wa kuchora lakini mgumu wa kufika saiti. Mafundi walifanya kazi usiku na mchana, giza likiingia wanawashiwa mienge.

Mwaka 1800 upepo ukauangusha mnara. Inasimuliwa kwamba alichojutia Beckford ni kutoushuhudia ukianguka. Akaamuru usimamishwe tena, na safari hii ukapanda hadi mita 84 hivi.

Bei ya sukari iliposhuka na madeni kumzidi, mwaka 1822 aliliuza jumba kwa John Farquhar, tajiri aliyechuma kwa biashara ya baruti huko India. Hapo ndipo kisa kinapogeuka. Inasemekana yule aliyesimamia ujenzi, akiwa taabani kitandani, alimwita Beckford na kumwungamia: matao ya kuimarisha msingi chini ya mnara, ambayo fedha zake zilishatolewa, hayakujengwa kamwe. Beckford akampelekea Farquhar habari. Mzee akajibu kwamba mnara hautaanguka yeye akiwa hai.

Uliporomoka tarehe 21 Desemba 1825. Farquhar alifariki mwaka uliofuata.

Ni rahisi kumtupia lawama zote aliyekula fedha za msingi. Mimi namwona kuwa wa tatu. Mbele yake yupo msanifu asiyeshuka shimoni, na mbele ya msanifu yupo mwenye mali aliyeuliza kila siku mnara umefika wapi, asiulize umesimama juu ya nini. Msingi ukishafukiwa, ushahidi unabaki kwa waliokuwepo. Anayejenga leo, hata kama ni vyumba viwili na sebule, afadhali aombe ruhusa kazini siku ya kumwaga zege la chini kuliko siku ya kupaka rangi.

Beckford mwenyewe hakukoma. Alihamia Bath, na mwaka 1827 mnara mwingine ukakamilika juu ya kilima cha Lansdown. Huu, uliochorwa na kijana Henry Goodridge, ulikuwa wa kiasi: mita 37 na ngazi 154. Huo haukuanguka. Lakini msingi imara haumwondolei mtu kazi ya paa. Beckford alifariki mwaka 1844, eneo likawa makaburi, na mwaka 1931 moto ukaunguza kanisa dogo lililokuwa chini ya mnara. Mnara ukapita mikono kadhaa, ukakarabatiwa, kisha ukachakaa tena, hadi mwaka 2019 ukaingizwa kwenye orodha ya majengo ya kihistoria yaliyo hatarini.

Ulifunguliwa upya mwaka 2024 baada ya ukarabati mkubwa. Ndani yake mna makumbusho, na safari hii mgeni anaelezwa sukari iliyolipia mawe yale ilitoka wapi, na ilipatikana kwa jasho la nani.