Nafasi ya Mzee

Faili la Access halivuki gigabaiti 2, basi. La maktaba yetu ya mtaa, kwa picha za majalada tulizorundika humo, lilikaribia hapo likaanza kugoma kufunguka. Nikafuta picha, nikafuta na wanachama waliofariki, akiwemo Mzee aliyeazima riwaya ileile kila mwaka. Faili halikupungua hata chembe! Kumbe kilichofutwa hubaki kimeshika nafasi mpaka uliamrishe faili lijibane na kujirekebisha. Nakala nilishatoa kwanza (umeme wetu mnaujua). Lakini kidole kikasita. Mpaka hapo Mzee alikuwa yumo bado, haonekani tu. Nikibonyeza, atakayemwondoa ni mimi, si kifo. Nani kanipa ruhusa? Nikabonyeza, walio hai wanataka kuazima vitabu. Ila ile nakala sijaifuta, na sijui naitunzia maktaba au najitunzia mwenyewe.